Boom, Penzi na Sahani ya Chuo

Boom la Bodi ya Mikopo likitoka, chuoni kila mtu ana mpenzi wa kumtoa. Wiki mbili ni chipsi kuku kwa kwenda mbele. Halafu? Pasi ndefu, mlo mmoja kutwa, na ugomvi juu: "Hela ya kula umempa nani?" Washikaji, penzi hapo halivunjwi na usaliti, ni njaa tu!

Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pochi, na siku hizi hata mama ntilie ana lipa namba. Tatizo, noti zikipungua unaziona. Salio linayeyuka kimyakimya.

Fanyeni hivi. Gawa boom kwa siku zote mpaka lijalo. Tenga laini ya pili, iwe ya msosi tu, na kila Jumatatu itumie hela ya wiki, makato yawe ya mara moja. Meseji za malipo msifute. Jumapili kaeni wawili mzisome. Mama ntilie naye mwagizeni asubuhi kwa WhatsApp, ajue anapika sahani ngapi.

Anayekupenda kweli atakula nawe wali maharage boom likiwa bado bichi, ili mwisho wake msilale njaa.