Raba za Kukimbilia kwa Anayeanza

Katika kutembea, mguu mmoja huwa chini wakati wote, ilhali katika kukimbia mwili wote huwa hewani kwa muda mfupi kabla ya mguu mmoja kutua peke yake na kupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kutokana na tofauti hiyo, raba iliyonunuliwa kwa matembezi huenda isimfae anayeanza kukimbia, hata kama ni mpya na ya bei kubwa.

Sehemu inayobeba kazi kubwa ni soli ya kati, yaani tabaka la sponji lililo baina ya soli ya nje inayogusa barabara na kitambaa kinachofunika mguu. Jambo la kuangaliwa katika tabaka hilo, mbali na ulaini wake, ni kiasi ambacho kisigino kimeinuliwa kuliko sehemu ya vidole, ambacho katika raba nyingi ni kati ya milimita 0 na 12. Kisigino kinapokuwa chini, mzigo mkubwa zaidi huhamia kwenye shavu la mguu na kwenye kano inayoliunganisha na kisigino, hivyo aliyezoea viatu vilivyoinuka hapaswi kuhamia ghafla kwenye soli bapa.

Kwa miaka mingi wanunuzi wamefundishwa kwamba mwenye unyayo bapa, ambaye mguu wake hulalia ndani anapokanyaga, lazima avae raba ngumu za kuuzuia usilale. Fundisho hilo halikuthibitika pale lilipopimwa, kwa kuwa katika majeshi ya Marekani askari wapya waliogawiwa raba kulingana na umbo la nyayo zao hawakupungukiwa na majeraha wakilinganishwa na wenzao waliopewa aina moja tu. Mwaka 2015, Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, pamoja na wenzake, walipendekeza kigezo kilicho rahisi zaidi, kwamba mkimbiaji achague raba ambayo mguu wake unaihisi kuwa ya starehe. Kigezo hicho ndicho kinachomfaa anayeanza, maana hakihitaji mashine wala ushauri wa kulipia.

Starehe hiyo ipimwe kwa makini. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, kwa hiyo inafaa raba zijaribiwe jioni, pamoja na soksi zitakazotumika, na ibaki nafasi ya takribani sentimita moja mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kwani raba inayobana husababisha malengelenge na kucha nyeusi. Kisigino kisichomoke, na mnunuzi akimbie hatua chache palepale dukani, kwa sababu raba inayoumiza siku ya kwanza haifai kununuliwa kwa matumaini kwamba itazoeleka.

Wengi katika Afrika Mashariki hununua raba za mitumba, na hapo uangalifu unahitajika zaidi, kwa sababu sponji huchoka mapema kuliko kitambaa, na kiatu kilichooshwa kikang'aa kinaweza kuwa kimekwisha kabisa ndani. Mnunuzi abonyeze ubavu wa soli ya kati kwa kidole gumba. Ukiwa mgumu, au ukiwa na mikunjo isiyonyooka, kiatu kiachwe. Vilevile aziweke raba zote mbili juu ya meza na kuzitazama kwa nyuma, kwani iliyoinama upande mmoja imeshafuata mkanyago wa mwenyewe wa kwanza.

Raba zenye bamba la kaboni ndani ya soli, za aina aliyovaa Eliud Kipchoge mjini Vienna mwaka 2019 alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40, ni za mashindano na bei yake ni kubwa; anayeanza hazihitaji. Atumie fedha yake kununua raba ya kawaida inayomkaa vizuri, na aibadilishe baada ya kilomita 500 hadi 800, hata kama kwa nje bado inaonekana nzima.