Paja la Krismasi na Kisu Kirefu

Hemu inayofika mezani ikiwa kavu kwa kawaida haikuharibiwa na nguruwe wala na oveni. Iliharibika pale mpishi alipoichukulia kama nyama mbichi.

Hemu ni paja la nyuma la nguruwe lililokolezwa chumvi, na katika viwanda vingi chumvi hiyo huchanganywa na nitriti ya sodiamu. Nitriti ndiyo inayoipa rangi ya waridi isiyotoka hata nyama ikiiva kabisa, hivyo usiitegemee rangi ikuambie lolote. Soma lebo. Marekani, ambako paja hili huliwa sana Krismasi na Pasaka, hemu nyingi za madukani zimekwisha kupikwa kiwandani, na mwenye nyumba anazipasha moto tu. Zile za Virginia zilizokaushwa kwa chumvi ni habari nyingine: ziloweke tangu jana yake, ukibadilisha maji, la sivyo wageni watashinda wakinywa maji.

Weka oveni kwenye nyuzi 163 za Selsiasi. Laza paja upande uliokatwa ukitazama chini, tia maji kikombe kimoja kwenye trei, funika kwa foili. Paja zima la kilo 5, lenye mfupa na lililokwisha kupikwa, litachukua karibu saa tatu. Hata hivyo mwamuzi ni kipimajoto, si saa ya ukutani. Kichome katikati ya nyama bila kugusa mfupa. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka iliyopikwa na kufungashwa kiwandani ifike nyuzi 60, na mbichi ifike 63 kisha ipumzike angalau dakika 3. Iliyopikwa ikafungwa upya nje ya kiwanda ifikishe 74.

Sukari haiingii mwanzoni. Inaungua. Zikibaki dakika 30 hivi, funua, chanja mafuta ya juu kwa mistari inayopishana bila kufikia nyama, chomeka karafuu kwenye makutano, kisha paka mchanganyiko wa sukari ya kahawia, haradali na maji ya chungwa. Karafuu zetu za Pemba ni kali, kwa hiyo usizipange kila kona. Na zitoe zote kabla ya kukata, maana hakuna raha ya kuitafuna nzima.

Ukiitoa, iache dakika 15 hadi 20. Ukiikata ikitoka motoni, mchuzi wote unabaki kwenye ubao.

Sasa kisu. Chukua kirefu, chembamba na chenye makali. Kile kifupi cha kumenyea viazi kitaichanachana tu. Anza upande wenye nyama kidogo, ukate vipande viwili vitatu kufuata urefu wa paja ili upate sehemu bapa. Geuza paja likae hapo, lisiteleze. Kisha, ukianzia upande wa mundi, shusha kisu moja kwa moja hadi kigonge mfupa, ukikata vipande vyembamba sambamba kimoja baada ya kingine. Vitabaki vimeshikamana na mfupa. Pitisha kisu juu ya mfupa kwa mkato mmoja mrefu, navyo vitaachia vyote kwa pamoja. Kwa kuwa umekata kukingama nyuzi za nyama, hata kipande kilichokauka kidogo kitatafunika.

Ukinunua nusu paja, chagua nusu ya mundi. Nusu ya juu ina nyama nyingi, lakini mfupa wa nyonga umejipinda ndani yake na utamsumbua anayejifunza. Asiyetaka usumbufu wowote anunue iliyokatwa kwa mzunguko, ufundi wa mashine aliyoibuni Harry Hoenselaar wa Detroit, ingawa hiyo hukauka haraka zaidi ikipashwa, na mimi huiona ghali kwa kazi ya dakika kumi.

Mguu wa mbuzi wa kuoka nao una mifupa iliyopangwa vilevile, ukate hivyohivyo.

Mabaki yaingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, yaliwe ndani ya siku 3 au 4. Mfupa usiutupe: uchemshe na maharage, na chumvi uonje mwishoni kabisa, maana huenda usihitaji hata chembe.