Subaru ya Tabo kwa Bajeti Ndogo: Bei ya Kununua ni Nusu tu ya Hesabu

MFANYABIASHARA wa Mpanda anayetafuta gari lenye nguvu, linalovuta kwa magurudumu yote manne na lisilo na bei ya Land Cruiser, mara nyingi huishia kwenye Subaru Forester ya tabo iliyotumika Japani. Bei yake huvutia. Kwa fedha ambazo hazitoshi hata nusu ya Prado nzuri, mtu anapata gari linalopanda milima ya Lyambalyamfipa bila kuhema na linalopita kwenye tope ambalo gari dogo la kawaida hunasa.

Hata hivyo, soko halitoi zawadi. Gari la namna hii huuzwa rahisi kwa sababu gharama yake kubwa inakuja baada ya kununua. Anayetumia fedha zake zote kulipia gari siku ya kwanza, halafu akaanza kulirekebisha kwa mtaji wa mpunga au mahindi, anahatarisha biashara nzima. Wiki hii tunaeleza jinsi ya kupiga hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha.

SIFA YAKE ILIVYOTOKEA

Magari ya tabo yenye kuvuta magurudumu manne yalijipatia jina Afrika Mashariki kupitia mashindano ya Safari Rally nchini Kenya. Ian Duncan, Mkenya, alishinda mwaka 1994 kwa Toyota Celica ya tabo. Colin McRae alishinda kwa Subaru Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akaipa Subaru ushindi mwingine mwaka 2000.

Tangu hapo vijana wengi wanaamini kuwa siri ilikuwa nguvu ya injini. Ukweli ni kwamba magari yale yaliinuliwa, yakakingwa kwa mabamba chini ya tumbo, na yalihudumiwa na mafundi kila kituo. Mwenye gari Katavi anapaswa kuiga mambo hayo kabla ya kufikiria mbio.

AINA ZINAZOPATIKANA

Forester inayoonekana zaidi ni ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, yenye injini ya tabo ya ujazo wa sentimita 1,994. Zipo pia Impreza WRX na Legacy GT, lakini hizo ziko chini mno kwa njia za vijijini. Mitsubishi Airtrek ya tabo na Nissan X-Trail GT ni magari mazuri, ila spea za injini zake za tabo ni ngumu kupata kuliko za Subaru.

Forester ina nafasi ya karibu milimita 200 kati ya tumbo na ardhi. Kwa lami ya Tabora au Sumbawanga hiyo inatosha na kubaki. Kwa njia za vijijini za Mishamo, Karema na Majimoto wakati wa masika, inatosha kwa shida.

KUAGIZA AU KUNUNUA HAPA NCHINI

Njia ya kwanza ni kuagiza Japani. Hapa mnunuzi asitazame bei ya gari peke yake. Kwa viwango vilivyotumika katika miaka ya karibuni, gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake likifika bandarini, yaani bei, bima na nauli ya meli kwa pamoja. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini kama hii ya sentimita 1,994, au asilimia 10 kwa iliyozidi sentimita 2,000. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu. Mwisho inakuja VAT ya asilimia 18, inayopigwa juu ya jumla ya yote hayo.

Tuchukue kila shilingi 1,000,000 ya thamani ya gari la zaidi ya miaka 10 lenye injini ya sentimita 1,994:

Ushuru wa forodha: sh. 250,000
Ushuru wa bidhaa: sh. 62,500
Nyongeza ya uchakavu: sh. 375,000
VAT: sh. 303,750
Jumla: sh. 991,250

Kwa maneno mengine, kodi inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo ndogo za reli na forodha, gharama za bandari, wakala na usajili. Injini ya tabo ya sentimita 2,457 ingefikisha jumla hiyo kwenye sh. 1,065,000. Gari ambalo halijafikisha miaka 8 lingelipiwa sh. 548,750 tu kwa kila milioni, lakini thamani yake yenyewe ni kubwa zaidi.

Jambo la kuangalia: TRA hutumia thamani iliyo kwenye kumbukumbu zake, na bei iliyoandikwa kwenye ankara yako haiwafungi. Mamlaka hiyo ina kikokotoo cha magari yaliyotumika ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Piga hesabu huko kwanza, maana viwango huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha kila Julai.

Njia ya pili ni kununua gari lililokwisha sajiliwa hapa. Kodi imelipwa na mwingine, na unaliona kwa macho. Lakini tahadhari na lugha ya madalali. Gari "namba D" au "namba E" husifiwa kana kwamba ni jipya. Herufi hiyo inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania tu. Forester ya mwaka 2004 inaweza kubeba namba ya juzi. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, linganisha namba ya chasisi na ile iliyogongwa kwenye bodi, na uhakikishe kadi haijawekwa dhamana ya mkopo.

KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Fika wakati injini ni baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika anaweza kuwa anaficha jambo. Iwashe, utazame bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na huenda tabo au pistoni zimechoka. Moshi mweupe usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya gasketi ya hedi. Moshi mweusi ni mafuta yanayomwagika kupita kiasi.

Fungua rejeta ikiwa bado baridi. Mapovu yanayopanda mfululizo injini ikiunguruma ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Kisha peleka gari kwenye uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, uzunguke polepole. Likishikashika na kusitasita kama linalofungwa breki, sehemu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma imekufa.

Tazama tairi zote nne. Zikiwa za saizi tofauti, au mbili mpya na mbili zimelika, mwenye gari hakujua alichonacho. Katika gari hili tairi zisizolingana hulazimisha difu ya kati kufanya kazi kila sekunde mpaka inaungua. Kwa hiyo pancha isiyozibika inaweza kukulazimisha kununua tairi nne.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kwenye injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika ukiwa safarini, vali hugonga pistoni na injini imekwisha. Kama muuzaji hana risiti wala kumbukumbu, chukulia haujabadilishwa, na punguza gharama hiyo kwenye bei.

KUGAWA BAJETI

Tuseme mfanyabiashara ametenga sh. milioni 15 kwa ajili ya gari. Ushauri wa ukurasa huu ni kwamba asinunue gari la milioni 15. Mgawanyo wa busara ni huu:

Kununua na kuhamisha umiliki: milioni 10
Matengenezo ya lazima ya mwanzo: milioni 2.5
Maboresho: milioni 1
Akiba isiyoguswa: milioni 1.5

Matengenezo ya mwanzo ni mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji na roli zake, plagi, mipira ya maji, oili zote za injini, giaboksi na difu, na tairi nne zinazofanana. Hayo hayaonekani na hayampendezi jirani, lakini ndiyo yanayolinda fedha zako.

Akiba ni kwa sababu ya umbali. Mpanda iko takribani kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na spea nyingi za Subaru ya tabo hutafutwa Kariakoo na Gerezani. Gari likilala, unalipa spea, nauli ya kuisafirisha na siku za biashara zilizopotea. Anayenunua mpunga Majimoto wakati wa mavuno anajua wiki moja bila usafiri ina thamani gani.

MABORESHO YENYE FAIDA

La kwanza ni kuinua gari kidogo kwa springi imara na shokapu mpya. Sentimita 3 zinatosha. Ukizidisha sana, mipira ya ekseli hupinda na kuchanika, na vumbi likiingia ekseli inakwisha.

La pili ni bamba la chuma chini ya injini. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza hapa Mpanda. Aache matundu ya kutolea oili na kupitisha hewa, lisije likageuka sufuria la kupikia injini.

La tatu ni upoaji: rejeta safi, feni zinazofanya kazi na kofia nzuri ya rejeta. Injini ya tabo huzalisha joto kubwa, na joto la Oktoba haliisaidii.

La nne ni tairi zenye meno ya wastani, za saizi iliyo karibu na ya kiwandani. Gari linalovuta kwa magurudumu manne lenye vipara haliwezi kitu kwenye udongo mweusi.

MABORESHO YA KUKWEPA

Kuongeza msukumo wa tabo ndiyo njia fupi ya kuua injini. Magari haya yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye okteni inayofika 98 hadi 100. Petroli ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukiongeza msukumo, mafuta hulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na pistoni hupasuka. Anayebadili programu ya kompyuta ya injini bila vipimo anacheza kamari na mtaji wako.

Ile vali inayopuliza hewa nje kwa mlio wa "psss" nayo haiongezi kitu. Kompyuta imekwisha kuihesabu hewa hiyo, kwa hiyo ikitupwa nje, petroli inayoingia inazidi hewa iliyobaki, na unalipia mlio kwa mafuta. Chujio la hewa la wazi halifai pia. Barabara zetu ni za vumbi, na vumbi likipita linakwangua mapanga ya tabo na kuta za silinda. Baki na boksi la kiwandani, ubadilishe chujio mara kwa mara.

Ukibadili injini au rangi, taarifa ipelekwe TRA ili kadi isahihishwe. Kadi isiyolingana na gari huzuia mauzo na huweza kuleta ubishi siku ya kudai bima.

GHARAMA YA KUENDESHA

Chukua mwendo wa kilomita 1,500 kwa mwezi. Gari la tabo likienda kilomita 8 kwa lita, linakunywa lita 187.5. Forester isiyo na tabo ikienda kilomita 10 kwa lita, ni lita 150. Tofauti ni lita 450 kwa mwaka. Kwa bei ya mfano ya sh. 3,000 kwa lita, hiyo ni sh. 1,350,000. Weka bei kikomo ya EWURA ya Mpanda ya mwezi husika upate hesabu yako. Kumbuka kuwa mikoa iliyo mbali na bandari hubeba nauli ya mafuta katika bei hiyo.

Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 au chini ya hapo, kwa sababu tabo inaishi kwa oili safi. Baada ya safari ndefu ya kasi, acha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima.

NANI ANUNUE

Gari hili linamfaa mfanyabiashara anayesafiri mara kwa mara kati ya Mpanda, Tabora na Sumbawanga akiwa na watu na mizigo midogo, mwenye fundi anayeijua Subaru na akiba ya pembeni. Halimfai anayebeba magunia, kwa kuwa huyo atafute pikapu au Canter. Halimfai pia ambaye gari hilo litameza fedha za kununulia mazao msimu ujao.

Katika kuuza, soko la Mpanda hulipia gari zima na safi. Fedha za rimu, mlio na rangi hazirudi. Hifadhi vifaa vya kiwandani ulivyovitoa, maana mnunuzi ajaye atavitaka. Kwa upande wa muda wa kununua, miezi ya Novemba hadi Januari hustahili kuangaliwa: pembejeo na ada za shule hubana wenye magari, na mwenye fedha taslimu husikilizwa. Baada ya mavuno wanunuzi ni wengi na madalali hawapunguzi.

Kwa kifupi: pata gari zima lisilochezewa, tengeneza kabla ya kuboresha, na usiguse nguvu ya injini. Kama hesabu haifiki baada ya kutenga akiba, nunua Forester isiyo na tabo. Itapita karibu njia zilezile, na mtaji wa msimu utabaki ghalani.