Fahamu: Logi za seva ya uthibitishaji
Mkazi wa Uriri, Kaunti ya Migori, anaposhindwa kuingia katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilhali nywila yake ni sahihi, chanzo hutafutwa katika logi, yaani kumbukumbu ambazo seva ya uthibitishaji, mtambo unaohakiki utambulisho wa mtumiaji, huandika kwa kila jaribio. Kwa kuwa logi za kawaida ni fupi, fundi huongeza kiwango cha undani kwa muda, hulirudia kosa akinukuu saa kamili, kisha hukirejesha kiwango hicho kilivyokuwa. Hatari isiyopaswa kupuuzwa hata kidogo ni kwamba logi hizo za kina zinaweza kuwa na tokeni, alama ya siri inayomruhusu yeyote aliyeipata kuingia bila nywila. Hivyo ni lazima ifutwe kabla ya logi kutumwa kwa watoa msaada, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka data binafsi itumiwe kwa kadiri inavyohitajika tu.