Heshima ya Muziki wa Michezo ya Video Mbele ya Muziki wa Klasiki: Suala la Vigezo vya Uhakiki

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari 2011, wimbo wa Kiswahili uitwao "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin, ulipata tuzo ya Grammy nchini Marekani katika kipengele cha upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji. Maneno yake ni Sala ya Bwana. Hata hivyo, wimbo huo haukutungwa kwa ajili ya ibada wala ukumbi wa maonesho, bali kwa ajili ya mchezo wa video uitwao Civilization IV, uliotolewa mwaka 2005. Ulikuwa utunzi wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Ushindi huo uliupa uzito mpya mjadala uliokuwapo tayari: je, muziki wa michezo ya video unastahili heshima sawa na ile inayopewa muziki wa klasiki?

Katika makala haya, muziki wa klasiki unamaanisha muziki wa Ulaya ulioandikwa kwa nota, hususan kuanzia karne ya 17 hadi ya 20. Neno heshima nalo linahitaji kufafanuliwa. Halimaanishi sifa wala tuzo, bali utayari wa kulichunguza zao la sanaa kwa makini, kulihoji na kulipima. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba muziki wa michezo ya video unastahili heshima ya namna hiyo, lakini haupaswi kupimwa kwa vigezo vya ukumbi wa okestra peke yake. Vigezo hivyo huelekea kuutuza muziki uliojitenga na mchezo na kuuacha ule uliofungamana nao.

2.0 Pingamizi la Utumishi

Pingamizi la kwanza hudai kwamba muziki wa mchezo hutungwa kwa kuagizwa, ili utumikie bidhaa ya biashara, ilhali muziki wa klasiki ni sanaa iliyo huru. Historia haiungi mkono mgawanyo huo. Mwaka 1761, Joseph Haydn aliingia katika utumishi wa ukoo wa Esterházy kwa mkataba uliomtaka avae sare ya watumishi, atunge kwa amri ya mwajiri wake, na asiwape watu wengine tungo zake bila idhini. George Frideric Handel alitunga muziki wa kumburudisha Mfalme George I alipokuwa akisafiri kwa mashua katika mto Thames mwaka 1717. Edvard Grieg alitunga muziki wa kusindikiza tamthilia ya Henrik Ibsen, Peer Gynt, iliyooneshwa jukwaani mwaka 1876. Kazi hizo zote ziliagizwa na zilitumikia shughuli nyingine, na bado zimo katika hazina ya klasiki.

Wazo kwamba muziki wenye hadhi ni ule unaosikilizwa kwa ajili yake wenyewe lilipata nguvu katika karne ya 19, hasa baada ya Eduard Hanslick kuchapisha mwaka 1854 hoja yake kwamba uzuri wa muziki umo katika maumbo ya sauti zenyewe. Hilo ni wazo la wakati na mahali maalumu, wala si kanuni ya muziki wote. Katika Kiswahili, neno ngoma hutaja ala, uchezaji na hafla kwa pamoja. Msemaji hahitaji kuitenga sauti na shughuli ili aitambue kuwa ni sanaa. Kwa hiyo, utumishi peke yake hauwezi kuwa sababu ya kuunyima muziki wa mchezo heshima.

3.0 Pingamizi la Ufinyu na Urudiaji

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Hudaiwa kwamba muziki wa mchezo ni mfinyu na hujirudia mno. Ufinyu wa awali ulitokana na mitambo. Mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo, iliyotolewa Japani mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya mawimbi ya pembetatu, moja ya mkwaruzo, na moja ya sauti fupi zilizorekodiwa. Aidha, milio ya matukio ya mchezo ilizitumia njia hizohizo, hivyo mlio wa kuruka au kuokota sarafu uliweza kuinyamazisha sauti mojawapo ya muziki kwa muda.

Katika mipaka hiyo, Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985. Mdundo wa nchi kavu ni mchangamfu na wenye kukatizwakatizwa. Mchezaji azamapo majini, muziki hugeuka kuwa walsi ya mapigo matatu. Na muda unapokaribia kwisha, muziki uleule huongezwa kasi. Mwaka 2023 mdundo mkuu wa mchezo huo uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya rekodi za sauti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ukiwa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kufika humo. Uchache wa nyenzo, basi, si uchache wa fikra.

Urudiaji, hata hivyo, haupaswi kutetewa kwa pupa. Mtunzi wa simfonia anajua msikilizaji atafika lini kwenye kilele, na huweza kuijenga safari ya dakika arobaini kuelekea hapo. Mtunzi wa mchezo hajui mchezaji atakaa mahali pamoja kwa sekunde ishirini au kwa saa nzima. Kwa kigezo cha ukuzaji wa wazo moja katika muda mrefu, muziki mwingi wa michezo hauwezi kushindana na Beethoven, na mhakiki hana sababu ya kudai vinginevyo. Swali linalobaki ni kama kigezo hicho ndicho pekee.

4.0 Umahususi wa Muziki wa Mchezo

Mfano wa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado mwaka 1978, unalijibu swali hilo. Muziki wake ni noti nne nzito zinazoshuka na kujirudia bila kukoma. Kadiri mchezaji anavyowaangamiza wavamizi, ndivyo waliosalia wanavyokwenda kasi, na noti hizo nazo huharakishwa. Mafanikio ya mchezaji ndiyo yanayozidisha hofu yake. Zikiandikwa kwenye karatasi, noti hizo hazina cha kumvutia mchambuzi. Zikisikika ndani ya mchezo, huwa ni tungo ambayo kasi yake inaamuliwa na mikono ya anayeisikiliza.

Mwaka 1991 mbinu hii ilifikia hatua nyingine katika mchezo wa Monkey Island 2, uliotumia mfumo wa iMUSE uliobuniwa na Michael Land na Peter McConnell katika kampuni ya LucasArts. Mchezaji aingiapo katika nyumba moja baada ya nyingine, muziki hubadilisha ala na kiitikio bila kukatika, kwa kuwa mfumo husubiri nafasi inayofaa ya kuvuka. Mtunzi hapa hakutunga wimbo mmoja tu. Alitunga vipande pamoja na kanuni za kuviunganisha.

Hili ndilo jambo ambalo muziki wa klasiki kwa kawaida haulifanyi. Katika simfonia, mpangilio wa matukio umekwisha kuamuliwa na mtunzi, na mpigaji huufasiri. Katika mchezo, mpangilio huamuliwa upya kila mara. Kiswahili husema mtu hucheza ngoma na hucheza mchezo, na hapa maana hizo mbili hukutana: mwili wa mchezaji huufuata muziki, nao muziki humfuata yeye.

5.0 Hatari ya Heshima ya Kuazima

Kwa mtazamo huu, kisa cha "Baba Yetu" kinaonesha tatizo lililojificha. Wimbo huo husikika katika ukurasa wa mwanzo, kabla mchezo haujaanza. Haubadiliki kwa lolote afanyalo mchezaji. Una kwaya, okestra, mwanzo, kilele na mwisho. Ubora wake haukanushiki, lakini uliweza kuvuka hadi kwenye kumbi za maonesho kwa urahisi kwa sababu ulikuwa tayari na umbo linalokubalika huko. Vivyo hivyo, Koichi Sugiyama alipoufikisha muziki wa Dragon Quest jukwaani jijini Tokyo mwaka 1987, ilibidi vipande vya mashine vipangwe upya kwa ala za okestra. Wasikilizaji walipata tungo nzuri zenye mwisho. Walichopoteza ni uhusiano wa tungo hizo na uamuzi wa mchezaji.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Muziki wa mchezo umekuwa ukitunzwa zaidi ukicheza ugenini. Kuanzishwa kwa kipengele maalumu cha muziki wa michezo katika tuzo za Grammy, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023 na kushindwa na Stephanie Economou, ni hatua njema. Hata hivyo, kinachotuzwa bado ni albamu, yaani muziki uliokwisha kutolewa ndani ya mchezo.

6.0 Athari kwa Utafiti na Utahini

Suala hili lina matokeo ya moja kwa moja katika tasnifu. Mtafiti anayechambua albamu au onesho la okestra peke yake anachambua tafsiri, si matini asilia. Data ya msingi inapaswa kuwa mchezo unaochezwa, tena zaidi ya mara moja na na wachezaji wenye stadi tofauti, ili ionekane ni nini hubadilika na ni nini hubaki. Uchambuzi ueleze noti pamoja na kanuni: ni tukio gani huuita muziki gani, kwa kasi gani, na muziki huo hutoka vipi. Mtahini naye aulizie kanuni hizo kama anavyoulizia muundo wa sonata.

Kuna pia suala la uhifadhi. Nota za Haydn zinasomeka leo kwa sababu karatasi haihitaji mashine. Muziki wa mchezo umo katika programu na vifaa vinavyochakaa. Mashine ikitoweka bila mbadala, albamu itabaki na tungo yenyewe itakuwa imepotea.

7.0 Hitimisho

Muziki wa michezo ya video unastahili heshima sawa na ya muziki wa klasiki, kwa maana ya uchunguzi wenye ukali sawa. Ukali huo utabaini kwamba kazi nyingi ni za kawaida, kama ulivyokuwa muziki mwingi wa makasri ambao leo hakuna anayeupiga. Utabaini pia kwamba noti nne za mwaka 1978 zina jambo la kumfundisha mwanamuziki kuhusu wakati, hofu na hiari. Uhakiki utakaozisikia noti hizo mahali pake ndio utakaokuwa umeutendea haki muziki huu.