Kompyuta Iliyofungwa Kiganjani

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Tanzania hujaa vijana. Wamepanga foleni, simu mkononi, wakisubiri mtu awajazie fomu ya mtandaoni kwenye kompyuta ya mezani ambayo feni yake inanguruma na herufi za kibodi zimeanza kufutika. Mara nyingi simu ya mwombaji ina prosesa yenye kasi na memori kubwa kuliko mashine anayoisubiri. Analipa hivyohivyo. Tovuti imegoma kukaa vizuri kwenye kioo kidogo, au vyeti vinatakiwa viwe PDF isiyozidi ukubwa fulani, au ameshaambiwa tangu nyumbani kwamba hiyo ni kazi ya kompyuta.

Kwa wahandisi, suala la kama simu ni kompyuta lilikwisha kabla simu hizo hazijakuwepo. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alieleza mashine ya kufikirika inayosoma alama, kuandika alama na kufuata maelekezo, akaonyesha kuwa mashine moja ya namna hiyo ikipewa maelekezo yanayofaa inaweza kuiga kazi ya nyingine yoyote. Hakutaja kibodi wala meza. ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946 ikiwa na vali zaidi ya 17,000 na uzito wa tani zinazokaribia 30, imo katika ukoo huo, na simu ya bei rahisi kabisa yenye Android imo pia. Tena ENIAC ndiyo ingebanwa zaidi kwenye usaili: mwanzoni, kuipa kazi mpya kulimaanisha kuhamisha nyaya na kugeuza swichi kwa siku kadhaa.

Hata kitochi kina lake la kusema. Kile kipande cha plastiki kinachoitwa laini kimebeba prosesa ndogo, memori na programu zake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu yake ilikaa humo ndani ya laini. Mteja alichagua kutuma pesa, akaingiza namba ya siri, na laini yenyewe ikaufumba ujumbe kabla haujaondoka kwa njia ya SMS. Tanzania mambo yako tofauti kidogo: anayebonyeza *150*00# kufungua M-Pesa anatumia simu kama dirisha tu, maana kila swali linaloonekana kwenye kioo linatoka kwenye seva za kampuni na kila jibu linarudi huko. Kitochi ni kilekile, lakini mahali pa kufanyia hesabu ni pengine.

Safari ya chipu zenyewe inavutia zaidi. Nyingi ya zinazoendesha simu leo zinafuata muundo wa ARM, ambao ulizaliwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn iliyokuwa ikiuza kompyuta za mezani. Sophie Wilson na Steve Furber ndio waliousanifu, na chipu ya kwanza ikafanya kazi mwaka 1985. Ilikula umeme kidogo mno, sifa ambayo mtu wa kompyuta ya mezani hakuihangaikia sana, ila kwa chombo cha betri ilikuwa dhahabu. Hivyo ikahamia mifukoni. Miaka 35 baadaye ikarudi mezani kwa kishindo: mwaka 2020 Fugaku ya Japani, iliyojengwa kwa chipu za ukoo huo, ilitangazwa kuwa kompyuta yenye nguvu kuliko zote duniani, na Novemba mwaka uleule Apple ikaanza kuuza kompyuta mpakato zenye M1, chipu iliyotokana na zile za iPhone.

Mwaka uliofuata Apple ikaichukua M1 hiyohiyo na kuiweka ndani ya iPad Pro. Hapo ndipo mjadala wote unapojianika. Vyombo viwili, kampuni moja, chipu moja. Mwenye kompyuta mpakato anaweza kuandika programu yake, au kuchukua ya mtu mwingine popote, akaiendesha. Mwenye iPad anapata kile kilichopitishwa na duka la Apple, isipokuwa katika Umoja wa Ulaya ambako sheria ililazimisha mlango wa pili ufunguliwe mwaka 2024. Mwaka 2010 kampuni hiyo iliondoa dukani programu ya kuendeshea michezo na hadithi ambazo watoto huzitunga kwa Scratch, lugha ya kuwafundishia programu. Kifaa kiliweza kuziendesha vizuri kabisa, ila kanuni za duka zilikataa.

Kwa hiyo anayesema simu si kompyuta halisi hajakosea kila kitu. Anachokihisi ni kufuli, na kufuli hilo limewekwa na biashara.

Android ina nafasi zaidi. Kiini chake ni Linux, mfumo uleule unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Kijana asiye na kompyuta akiweka programu ya Termux anapata kioo cheusi chenye kishale kinachomngoja. Anaandika amri ya kusakinisha lugha ya Python, anasubiri bando lifanye kazi yake, kisha anaanza kuandika programu kwa vidole gumba. Inachosha. Mistari mirefu inakatika na kibodi inafunika nusu ya kioo, lakini programu inayotoka hapo haina tofauti na iliyoandikwa ofisini. Akichomeka kibodi na skrini kubwa, kama Samsung walivyowezesha kwa mfumo wa DeX tangu mwaka 2017, tofauti inayobaki ni ndogo sana.

Akitaka mamlaka kamili juu ya simu yake, hapo anaanza kugombana nayo. Mafundi simu wanajua mbinu za kuifungua, lakini baadhi ya programu za benki zikigundua kuwa simu imefunguliwa hukataa kufanya kazi. Na iko simu ya mkopo, ile inayolipiwa kidogokidogo kila siku. Mteja akichelewa rejesho, kioo kinajifunga kutoka mbali, na kinachobaki ni maelekezo ya kulipia. Hakuna fundi aliyeigusa. Mashine imetii amri kwa ukamilifu, ila amri imetoka kwa mwingine.

Sheria, kwa upande wake, haikusita. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kuwa hata simu ya kawaida iliyotumika kupiga na kutuma ujumbe tu inahesabika kuwa kompyuta wakati wa kutoa adhabu. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliwataka polisi wawe na hati kabla ya kupekua simu ya mtu waliyemkamata, na Jaji Mkuu John Roberts akazielezea simu hizo kama kompyuta ndogo ambazo kupiga simu ni mojawapo tu ya kazi zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo inautambua mfumo wa kompyuta kwa kazi zake, kama vile kufanya hesabu na kutunza data, na simu haiwezi kujinasua hapo.

Sasa uhuru wa Android wenyewe umo majaribuni. Vijana wa mitaani wamezoea kurushiana programu kwa Xender, bila duka wala bando. Agosti 2025 Google ilitangaza kuwa watengenezaji wote, hata wasiopitia duka lake, watatakiwa kujisajili na kuthibitisha utambulisho wao ndipo programu zao zikubali kuingia kwenye simu nyingi za Android. Malalamiko yakawa mengi, na miezi michache baadaye kampuni ikaahidi kuacha njia kwa watumiaji wenye uzoefu wanaokubali kubeba hatari wenyewe. Utekelezaji ulipangwa uanze Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, nchi nyingine zikifuata kuanzia mwaka 2027.