Usanifu wa Jaribio: Mshiriki Mmoja Aulizwe Mara Mbili?

Misingi ya Utafiti wa Saikolojia: Sehemu ya Tatu

Juma lililopita tulimwacha mtafiti akiwa na swali lililonyooka. Anajua atakachokibadilisha na anajua atakachokipima. Sasa anafika kwenye uamuzi ambao wanafunzi wengi huumaliza kwa sentensi moja katika pendekezo la utafiti: je, watu walewale wapitie hali zote za jaribio, au kundi hili lipewe hali hii na kundi lile hali nyingine?

Sioni uamuzi mzito kuliko huu katika kazi yetu. Chuma ukikipasha moto kisha ukakiacha kipoe, waweza kukipasha tena ukianzia palepale. Binadamu ukishamuuliza swali, harudi alikokuwa. Ndiyo maana swali la kwanza la msanifu liwe hili: kipimo cha kwanza kitamwachia nini mshiriki?

Kuna majaribio ambayo kinachobaki ni kidogo. Mwaka 1935 John Ridley Stroop, wa Chuo cha George Peabody mjini Nashville, Marekani, alichapisha jaribio ambalo hadi leo hufundishwa kila mahali. Washiriki 100 walipewa karatasi za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na viboksi 100 vya rangi, nao wataje rangi hizo. Ya pili ilikuwa na majina ya rangi yaliyochapwa kwa wino usiolingana nayo, kwa mfano neno "nyekundu" kwa wino wa buluu, na mshiriki alitakiwa kutaja wino bila kulisoma neno. Viboksi vilichukua wastani wa sekunde 63.3, maneno sekunde 110.3.

Stroop alitumia watu walewale kwa karatasi zote, na alikuwa na sababu. Wepesi wa kutaja rangi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Kila mmoja akilinganishwa na nafsi yake, tofauti hizo za kuzaliwa na za malezi hutoka kwenye hesabu, na washiriki wachache hutosha kuonyesha ambacho makundi mawili tofauti yangehitaji watu wengi kukionyesha. Gharama yake ni mazoezi na uchovu: karatasi ya pili husomwa na mtu aliyekwisha kuzoea, au aliyechoka. Stroop aliilipa gharama hiyo kwa kupishanisha mpangilio, nusu ya washiriki wakianza na karatasi hii na nusu nyingine na ile. Hali zikiwa tatu, mipangilio inayowezekana ni 6. Zikiwa nne, ni 24. Hapo watafiti hutumia mraba wa Kilatini, ambamo kila hali hushika kila nafasi mara moja, na mipangilio minne tu inatosha.

Lakini kupishanisha hakuponyi kila kitu. Huponya pale tu ambapo kinachobaki ni chepesi na kinabaki kwa kiasi kilekile, uanzie upande wowote. Hali ya kwanza ikimfichulia mshiriki siri ya jaribio, hakuna mpangilio utakaomsahaulisha.

Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa moja, kitenzi ndicho kilichobadilishwa. Walioulizwa kuhusu magari "yalipopondana" walikadiria wastani wa maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana," maili 31.8. Fikiria mwanafunzi mmoja angeulizwa yote mawili. Angetambua papo hapo kwamba anapimwa kwa maneno, na angejitahidi makadirio yake yalingane. Kwa hiyo makundi yalikuwa matano, watu tisa kila moja, na kila mtu alisikia kitenzi kimoja.

Katika jaribio lao la pili walikuwa wanafunzi 150. Kundi moja liliulizwa kwa kitenzi kikali, la pili kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana, la tatu halikuulizwa lolote kuhusu mwendo. Baada ya juma moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, na katika filamu havikuwamo. Waliosema ndiyo walikuwa 16, 7 na 6, kati ya 50 katika kila kundi. Lile kundi la tatu wanafunzi hupenda kulikata ili kuokoa muda. Bila ile 6, tungejuaje kama ile 7 imetokana na swali, au ni makosa ya kumbukumbu yaliyo ya kawaida kwa watu?

Mtu akiishia hapa atadhani makundi tofauti ndiyo kimbilio salama. Michael Birnbaum alionyesha hatari yake mwaka 1999. Aliwaomba watu wapime ukubwa wa namba kwa kipimo cha 1 hadi 10. Kundi moja liliulizwa kuhusu 9, jingine kuhusu 221. Namba 9 ilipata wastani wa 5.13, 221 ilipata 3.10. Hakuna aliyekosea. Aliyepewa 9 aliilinganisha na tarakimu zenzake, aliyepewa 221 akaifikiria pamoja na mamia. Kila kundi lilijitungia rula yake, na mtafiti akazisoma kana kwamba ni rula moja. Nawasihi wanaopima maumivu, ubora wa mwalimu au kuridhika na huduma kwa alama za 1 hadi 10 wauzingatie mfano huu kabla ya kutenganisha makundi. Loftus na Palmer walinusurika kwa kuwa waliuliza maili na kuhesabu "ndiyo," vitu ambavyo maana yake haimtegemei jirani.

Ipo njia ya kati, ya kuoanisha washiriki wawili wawili wanaofanana kwa umri au alama za awali, kisha kura iamue nani aende wapi. Inafaa washiriki wanapokuwa wachache na tunajua hasa sifa inayohusika. Tusipoijua, tunaoanisha kwa jambo lisilo na uzito.

Nje ya maabara linaongezeka jambo jingine: watu huonana na kuzungumza. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016, walichunguza kaya za Rarieda, magharibi mwa Kenya, zilizopewa fedha na shirika la GiveDirectly bila masharti. Walipima matumizi ya kaya, na pia furaha, kuridhika na maisha, na homoni ya msongo katika mate. Kama kura ingepigwa ndani ya kijiji tu, asiyepata angemwona jirani akiezeka mabati, na huzuni yake ingehesabiwa kuwa hali ya kawaida ya asiyepewa kitu. Basi walipiga kura mara mbili. Kwanza kati ya vijiji 120, 60 viliteuliwa. Kisha ndani ya vijiji hivyo kaya zikagawanywa. Wakapata waliopewa, majirani zao, na watu wa vijiji ambavyo fedha hazikufika kabisa.

Hata hivyo, usanifu huo ulibaki na ufa. Sharti la kuingia lilikuwa nyumba iwe ya kuezekwa kwa nyasi. Kaya za vijiji visivyofikiwa zilichaguliwa na kuhojiwa mwishoni tu, karibu mwaka mmoja baadaye, na sharti la nyasi likatumika wakati huo. Kaya iliyokwisha kujijengea paa la bati kwa jasho lake ilikuwa tayari imetoka kwenye orodha, huku ya aina hiyohiyo katika vijiji vya fedha ikiendelea kuhesabiwa. Watafiti wenyewe walilieleza tatizo hilo. Halikutoka kwenye takwimu, na hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kuliondoa kabisa.

Kura ikipigwa kwa kijiji, kaya za kijiji kimoja hazihesabiwi tena kana kwamba kila moja ni ushahidi unaojitegemea. Idadi ya washiriki inayotosha itakuwa ngapi basi? Tutaihesabu juma lijalo.